Foleni ya Meno na Jibu la Kwanza

Nimeombwa niwaandikie ninyi vijana mnaoanza kazi ya kusaidia wagonjwa kwa Kiswahili, kwa sababu eti nina hekima. Hekima yenyewe ni kwamba nimekalia viti vya ofisi tatu katika miji mitatu, nikitunza orodha ya watoto wanaosubiri kunyooshwa meno kwa bima ya serikali, na mgongo umekwisha. Kama hiyo ndiyo hekima, ichukueni yote, mniachie mgongo.

Kwa msionijua, mimi ni Mwajuma, mzaliwa wa Kigoma. Nilikuwa karani na mkalimani kwenye kliniki za meno: kwanza Louisville, kisha Columbus nilikomfuata binti yangu alipojifungua, na mwisho Buffalo, ambako binti huyohuyo alipata kazi na mimi nikahamishwa pamoja na masufuria. Wakongo, ambao ndio wengi wa wagonjwa wetu, waliniita Mama Mwajuma. Wazungu waliniita majina mengi sana, yote kwa nia njema.

Sasa niwaeleze foleni yenyewe, maana wengi mnadhani mnaijua. Bima ya serikali hailipii nyaya za meno kwa mtoto ambaye meno yake hayapendezi tu. Serikali haina mchezo. Inamlipia mtoto ambaye meno yamemwendea kombo kiasi cha kumzuia kula, kuongea au kufunga mdomo. Daktari huchukua rula ndogo, akapima, akatoa alama. Alama zikiwa nyingi, mtoto anaingia kwenye foleni. Zikiwa chache, anatumiwa barua nzuri ya kumtakia heri. Huo ndio mtihani pekee niliouona Marekani ambao mtoto akifanya vibaya ndipo anafaulu.

Na mama zetu je? Mama zetu huwaandaa watoto wafanye vizuri. Siku ya kupimwa mtoto anakuja amenyolewa, amepakwa mafuta, kapigwa mswaki mpaka fizi zinalia. Kuna mama mmoja alimfundisha mwanawe njia nzima, ndani ya basi, namna ya kuvuta mdomo wa juu ufunike meno. "Funga mudomo, daktari asione," akamwambia tena wakiwa mlangoni kwangu. Daktari kweli hakuona. Walirudi nyumbani wamefurahi na wamekosa.

Ninyi mtacheka. Mimi nilicheka pia, mpaka zamu yangu ya kufanya ujinga ilipofika.

Ilikuwa Louisville, upande wa South End, kliniki ndogo iliyopakana na duka la unga wa muhogo. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ukalimani wiki chache tu, na hakuna mtu wa hatari kama aliyemaliza mafunzo wiki chache. Tulifundishwa kwamba mkalimani hupitisha maneno, haongezi, hapunguzi, hatii chumvi. Nikaamini. Tena kliniki ilikuwa na uhaba wa watu, kwa hiyo nilikuwa mkalimani na hapohapo karani wa kujaza fomu ya kwanza, ile inayoamua nani aende kwa daktari mwenye rula na nani arudi kwao.

Akaja mama mmoja Mkongo, ametoka moja kwa moja zamu ya ghalani alikokuwa akifunga maboksi. Alikuwa na binti yake, Faida, mtoto wa miaka kumi. Kwenye benchi la kusubiri mama alimpa mtoto chapati. Faida akaimega vipande vidogo kama maharage, akawa anavisogeza shavuni kwa kidole, upande mmoja tu, huku mkono wa pili umefunika mdomo. Niliona. Naomba mkumbuke kwamba niliona.

Nikawaita, nikafungua fomu, nikaanza.

"Mtoto anakula vizuri?"

"Ee mama, anakulaka bien. Mungu njo mukubwa," akasema, "njo" yao ikiwa "ndiye" yetu.

"Akitafuna, anasikia maumivu?"

"Hapana, hakuna shida."

Hapo Faida akatoa mkono mdomoni. "Mama, huku juu..." akaanza.

"Tulia mwanangu," nikamwambia mimi, mwenye cheti, "wakubwa wanaongea."

Akatulia. Nikaendelea. "Anapata tabu kuongea?"

"Aa! Huyu? Anaongeaka sana, hata kanisani bote banamujua."

Nikaweka alama tatu kwenye visanduku vitatu: hana tabu, hana tabu, hana tabu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku ile.

Sasa nyie niambieni, mimi ni Mswahili au si Mswahili? Sijui kwamba kwetu mtu akiulizwa habari husema nzuri? Hata aliyelazwa na dripu mkononi, ukimuuliza hali, anakwambia hajambo. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akiulizwa habari za nyumbani, akajibu, "Nzuri tu, ila jana tumemzika baba." Kwanza nzuri, halafu ndipo mambo yenyewe. Jibu la kwanza ni salamu. Huwezi kumrukia mtu usiyemjua na matatizo yako kabla hata hajakaa vizuri. Hayo ni malezi mabaya. Lakini fomu haijalelewa kwetu. Fomu inachukua jibu la kwanza, inafunga mlango, inakwenda zake.

Na kuna la pili, zito zaidi. Mama wa watu yuko nchi ya watu, mbele yake kuna karatasi ya serikali, anaulizwa kama mtoto wake anakula. Akisema mtoto hali chakula, si ndiyo amejisema kwamba hamlishi? Kila mama niliyemhudumia alikuwa ameshasikia kwa jirani habari ya watoto waliochukuliwa na serikali. Kwa hiyo mtoto anakula, analala, ananenepa, na sifa kwa Mungu.

Barua ikaja. Mama Faida akaileta nimsomee. Nikamsomea: mtoto hahitaji matibabu kwa sasa. Mnadhani alisikitika? Alinyanyua mikono juu akamshukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima, serikali yenyewe imesema. Siku iliyofuata akaniletea bakuli la dagaa wa Tanganyika waliokaangwa na nyanya, wale ambao Wakongo huwaita ndagala. Mtu wa Kigoma, ughaibuni, unaletewa dagaa wa ziwa lako. Nikala wote, nikalamba na vidole. Muda si mrefu familia ikahama mji, na mimi nikasahau, kwa kuwa kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri.

Kabla sijaendelea, acheni niwape vitu vya kazi, msije mkasema bibi amejaza karatasi kwa majuto.

Jina. Mkongo ana majina matatu, na kila ofisi huyapanga inavyotaka. Mtoto mmoja anaweza kuwa watoto watatu kwenye orodha moja, na wote watatu wakafutwa kwa kutokuja siku moja. Andikeni jina kama lilivyo kwenye kadi ya bima, hata kama kadi imekosea, maana kadi ikikosea ndiyo sahihi.

Tarehe ya kuzaliwa. Watoto wetu waliotoka kambi za wakimbizi wote walizaliwa tarehe mosi Januari. Ni muujiza ambao sayansi haijaueleza. Sasa foleni ina umri wa mwisho, na mtoto akiufikisha anatolewa. Kila mwaka mpya Wamarekani wakifyatua fataki, mimi nilikuwa nahesabu nani amezeeka ghafla. Anzeni kuwapigia simu Septemba.

Na simu. Siku hizi mitambo ndiyo inayowapigia wazazi, kwa Kiswahili cha mtangazaji mwenye mafua. Mama mmoja alilalamika kwangu kwamba yule mtu wa kliniki hana adabu: yeye alimwamkia vizuri, akamuuliza habari za asubuhi, akawa ndiyo kwanza anaingia kwenye habari za watoto, mwenzake akakata. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Kwa hiyo pigeni wenyewe. Na waambieni wazazi wapokee hata namba wasiyoijua, na wafute ujumbe wa sauti, maana kisanduku kikijaa, kliniki haitatuma mjumbe na baiskeli.

Hayo ya simu nilifundishwa Columbus na mwanamke mmoja, Loretta, Mmarekani mweusi mnene mwenye miwani mbili, moja kichwani na moja shingoni, na hakuna aliyewahi kuiona puani. Yeye alikuwa mkuu wa orodha tangu ilipokuwa kadi kwenye sanduku la viatu. Alinipokea kwa kuniambia kwamba foleni si mstari. Mstari unasogea. Foleni hii haisogei, inatoboka, na kazi yako ni kujua imetobokea wapi na kumsukumia mtoto hapo kabla tundu halijaziba. Mvua ikinyesha, theluji ikianguka, shule ikifungwa, wengine hawaji. Asubuhi hiyo Loretta alikuwa na simu mbili na orodha ya wazazi wanaoweza kufika haraka, amewapanga kwa mbali na karibu.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa lingine. Alikuwa akiuliza maswali ya fomu kama kawaida, anaandika kwa penseli. Akimaliza, anaigeuza fomu kifudifudi juu ya meza, anaweka kalamu chini, anavuta kiti, halafu anauliza upya kwa Kiingereza, mimi nikitafsiri, kana kwamba hajawahi kuuliza. "Haya, tuambiane. Anakula nini huyu? Nani anamkatia nyama?" Na watu wakaongea! Waliokuwa hawana shida hata moja dakika mbili nyuma walifungua magunia. Loretta aliniambia kwamba karatasi ikiwa wazi watu huongea na karatasi, ukiifunika wanaongea na wewe.

Nikajifanya mjuaji, nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tulivyo, jibu la kwanza ni salamu, sote tunajua hilo. Akanitazama chini ya miwani ambayo haikuwepo.

"Kumbe mnajua," akasema. "Na wewe ulikuwa ukiandika lipi?"

Mchana ule nilikwenda kukaa kwenye gari langu nikamkumbuka mtoto wa chapati. Nikapiga namba ya Louisville. Haikuwepo tena. Nikapiga kesho yake, labda ingefufuka. Kwa miaka kadhaa, kila nilipogeuza fomu kifudifudi, nilimwona yule mtoto akitoa mkono mdomoni ili aseme, na nikajisikia vibaya, na kujisikia vibaya kwangu hakukumnyoosha hata jino moja.

Buffalo ndiko nilikomalizia. Mji una theluji ambayo Mungu alikusudia igawanywe kwa dunia nzima. Asubuhi moja ya Novemba, kwenye kiti cha mbele, nikaona binti mrefu wa miaka kumi na sita, koti kubwa, na mkono mdomoni. Sikuhitaji jina. Mama yake akanitambua kwanza.

"Mama Mwajuma! Njo weye? Mungu wangu! Faida, ona, njo ule mama wa Louisville, ule alitusaidiaka!"

Alitusaidiaka. Nikakumbatiwa, nikapigwa mgongoni, nikaulizwa habari za watoto na za wajukuu. Walikuwa wanakaa Riverside, kaskazini ya mji, yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko Lackawanna, mabasi mawili kwenda, mabasi mawili kurudi. Walipitia Columbus kabla mimi sijafika huko. Faida aliandikishwa foleni ya Columbus, wakahama kabla zamu yake haijafika. Maana kila jimbo lina foleni yake. Ukihama, huhami na nafasi yako. Unaiacha kama kochi lililokataa kuingia kwenye gari. Buffalo alikuwa anaanza mkiani, mara ya tatu.

Nikauliza maswali ya fomu. Anakula? Anakula muzuri. Anaumwa? Aa, kidogo tu, hakuna shida. Nikaigeuza fomu kifudifudi. Nikaweka kalamu chini. Nikavuta kiti, lakini safari hii nikakivuta kwa mtoto.

"Faida," nikasema, "sasa niambie wewe."

Akamtazama mama yake. Mama akatazama karatasi iliyolala. Faida alikuwa na Kiingereza cha shule chepesi kuliko changu, lakini alichagua Kiswahili, nadhani ili mama asikie.

"Mama anaogopa mutasema hanilishe. Ananilisha. Ni mimi sinaweza kutafuna, nakunywaka supu tu." Akatoa mkono. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yamefunika ya chini kabisa, na pengo moja katikati. Meno ya chini yalikuwa yanachoma fizi nyuma ya yale ya juu kila anapouma, mwaka baada ya mwaka, mpaka jino moja likalegea, na daktari wa dharura akaling'oa. Mtoto wa miaka kumi na sita, jino la ukubwani, halitarudi.

"Lilianza kuuma lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Tangu Louisville. Ile siku nilitaka kukuambia. Ukaniambia nitulie."

"Faida!" Mama yake akashtuka. "Unamujibu mukubwa hivyo? Mama Mwajuma, umusamehe, huyu iko na kichwa ya Amerika sasa. Hakuna shida."

Hakuna shida. Na mimi, bingwa wa kuuliza mara mbili, mwanafunzi wa Loretta, nikalichukua jibu hilo la kwanza nikaliweka mfukoni, kwa sababu safari hii lilinifaa mimi.

Niliandika fomu ile kwa ukamilifu, nikaeleza chapati, nikaeleza supu, nikaeleza fizi, na daktari mwenye rula akaona mengine mwenyewe. Faida alifaulu mtihani kwa kufeli vizuri sana, akaingia kwenye foleni. Kisha nikangoja foleni itoboke.

Ilitoboka Januari. Theluji ilifunga kusini ya mji, familia moja ya Lackawanna iliyokuwa na nafasi siku ile ikapiga simu asubuhi kwamba haiwezi kutoa gari. Kule kaskazini njia zilikuwa zinapitika kwa shida. Nikapiga Riverside, simu ikapokelewa mlio wa kwanza.

"Mnaweza kufika kabla ya saa nne?"

"Tunavaa viatu," akasema mama.

Basi halikuja. Walitembea. Waliingia wamepauka kwa baridi, mama ametangulia, anafungua njia kwenye theluji kwa mabuti ya kazini, binti akikanyaga kwenye nyayo zake. Nyaya zikafungwa siku ile. Baadaye waliniambia kwamba jino la bandia lingening'inizwa kwenye waya mahali penye pengo, mpaka atakapokomaa wamwekee la kudumu. Watu wote kwenye kliniki walinipongeza. Nilipongezwa kwa kuzima moto na mimi ndiye niliyeacha jiko linawaka.

Mwaka jana nikastaafu. Siku ya mwisho kulikuwa na keki ya kliniki, tamu kama adhabu, na kadi yenye jina langu limekosewa. Mchana akaja Mama Faida na bakuli. Nilijua kilichomo kabla hajafunua. Harufu ilikuwa imeshafika Kigoma na kurudi. Akaliweka mezani kwangu. Meza ilikuwa tupu, karatasi zote nimeshakabidhi. Nikaona kwamba hakuna cha kufunika, na hakuna pa kujificha.

Nikamwambia aketi. Nikamwambia ile barua ya Louisville haikutoka kwa daktari, daktari hakumwona mtoto kabisa. Ilitoka kwenye alama tatu nilizoweka mimi. Nikamwambia niliona mtoto akimega chapati. Nikamwambia mtoto alitaka kusema na nikamnyamazisha. Yote nikayasema.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, tabasamu la kukaribisha wageni.

"Hakuna shida, mama. Ilishapita. Mungu njo anapanga."

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa na bakuli la dagaa, nilikuwa nimesamehewa, na teksi aliyoniitia binti yangu ilikuwa inakuja. Lakini nikavuta kiti.

"Mama Faida," nikasema, "nakuuliza tena."

Tabasamu likaondoka.

"Iliniuma," akasema. "Iliniuma sana. Mutoto analia, mi minamuambia, serikali ilisema uko muzima, kula. Nilimupigaka hata, ju ya kukataa chakula. Kila mwaka. Nilikuwa naona ni Mungu alitukatalia. Kumbe ilikuwa weye."

Akasimama. Akalifunika bakuli lake vizuri, akalichukua kutoka mezani kwangu, akalipakata. Mlangoni akageuka.

"Nitaileta siku ingine," akasema. "Leo hapana."

Wanangu, katika miaka yangu yote ya kazi sijapewa jibu la kweli kuliko hilo. Ningependa kuwaambia kwamba alirudi wiki iliyofuata. Bado. Nipo hapa nyumbani, nasubiri. Ujumbe wa sauti nimefuta wote, na simu naipokea hata ikiwa namba nisiyoijua.